Talaka isiyopingwa Malindi: hati, mahakama na wa kukuandalia

Mke na mume wakishakubaliana kuachana bila kelele, wengi hudhani kilichobaki ni kwenda kortini kugongewa muhuri. Sheria ya Kenya haiendi hivyo. Hakimu hatoi talaka kwa kuwa wawili wameridhiana. Anataka sababu inayotambuliwa na sheria, iandikwe, iapiwe na iambatanishwe na ushahidi. Makubaliano yenu yanapunguza mabishano, hayapunguzi karatasi. Ndiyo maana kuna wanandoa wasio na ugomvi hata chembe wanaozungushwa kortini muda mrefu, kisa ombi liliandikwa ovyo.

Maelezo haya yanamlenga aliye Malindi na vitongoji vyake, kuanzia Watamu na Gede hadi Mambrui na Marafa. Lamu taratibu ni hizo hizo, kinachozidi ni safari, nayo nitaigusa.

Anza na cheti cha ndoa

Kitoe kabatini ukisome. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Nne za kwanza huvunjwa na hakimu. Ya Kiislamu huenda kwa kadhi, ambaye mamlaka yake yamo kwenye Ibara ya 170 ya Katiba: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake.

Hapo penye "wote ni Waislamu" ndipo Malindi tunapokwama mara nyingi. Binti wa kanisani anasilimu ili aolewe, nikaha inafungwa, miaka inapita, ndoa inalegea, naye anarudi kanisani kwao. Akienda kwa kadhi, swali la kwanza litakuwa kama bado yuko chini ya mamlaka yake. Akienda kwa hakimu, ataulizwa mbona cheti ni cha Kiislamu. Aliye katika hali hiyo asijaze fomu yoyote kabla ya kuonana na wakili. Vivyo hivyo kwa waliofunga nikaha nyumbani kisha wakaenda pia kwa msajili wa serikali kwa ajili ya viza ya mmoja wao.

Ndoa ya kimila isiyosajiliwa haina cheti, lakini haimaanishi haipo. Kusanya ushahidi: barua ya chifu, picha za sherehe, kiapo cha wazee waliokuwepo mahari ilipotolewa. Na usidhani kurudishiana mahari mbele ya wazee kumemaliza kazi. Tangu sheria ya 2014, talaka ya kimila nayo hutolewa na mahakama. Wazee wana nafasi yao, kwa sababu sheria inaruhusu mpitie usuluhishi wa kimila kwanza, na aliyewasuluhisha huandika ripoti inayopelekwa kortini. Ombeni ripoti hiyo mapema, wazee wakiwa bado wanakumbuka tarehe.

Nani akuandalie hati

Karibu na mahakama yoyote ya pwani hukosi mtu aliyekaa chini ya mwarobaini na laptop, anayekuahidi "talaka ya haraka" kwa bei ya chini kuliko wakili. Kupigiwa chapa maneno uliyoyaandika mwenyewe hakuna ubaya, ni kazi ya saiba kama nyingine. Kumlipa mtu asiye wakili akutungie hati za kesi ni jambo jingine, na Sheria ya Mawakili inalikataza. Sheria hiyo hiyo inataka jina la aliyeandaa hati lionekane kwenye hati yenyewe. Kwa hiyo pima kwa njia nyepesi: mwambie aandike jina lake na anwani chini kabisa, penye "Imeandaliwa na". Akianza kujikuna, chukua karatasi zako uondoke.

Njia halali ni tatu. Unaweza kuandika mwenyewe na kujisimamia, sheria inakuruhusu. Unaweza kumlipa wakili akuandalie hati peke yake, kisha kortini usimame mwenyewe. Wengi hawajui kwamba hili linaweza kuombwa, na kwa talaka isiyopingwa ndilo ningelichagua mimi. Au utafute msaada wa bure kupitia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au mashirika kama FIDA Kenya na Kituo Cha Sheria, ambayo yote mawili yana ofisi Mombasa. Wasaidizi wa kisheria wa vijijini wanaofanya kazi chini ya mashirika hayo wanaweza kukueleza, kukusindikiza na kukupangia vielelezo. Wakili mmoja asiwawakilishe ninyi wawili, hata kama mnacheka pamoja. Awe wa mmoja, na mwingine awe huru kusomewa hati na mtu wake.

Malizeni ya watoto na mali kwanza

Ombi la talaka likitangulia kabla hamjamaliza haya mawili, kesi isiyopingwa hugeuka inayopingwa. Kaeni chini, mwandike.

Watoto: wataishi na nani, mwenzake atawaona lini, karo ya shule italipwa na nani, matibabu je, sikukuu watakuwa wapi. Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo inayoongoza Mahakama ya Watoto. Andikeni kiasi cha pesa na tarehe ya kutuma. "Baba atasaidia kadiri ya uwezo" ni sentensi isiyomlisha mtoto. "Baba atatuma kwa M-Pesa kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi" ndiyo inayoweza kusimamiwa.

Mali: Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inagawa kwa kutazama mchango wa kila mmoja, na mchango si pesa tu. Kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba la familia vinahesabiwa. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, lazima mchango uonyeshwe. Mwislamu anaweza kuchagua sheria ya Kiislamu itawale mali hiyo. Kwa mnaoelewana, afadhali mwandike orodha: kiwanja kile, nambari yake, kinabaki kwa nani; tuktuk inabaki kwa nani na mkopo wake analipa nani. Mkopo ndio husahauliwa.

Ombi lenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo. Ombi la talaka kwa hakimu hutaja majina yenu, mlipofunga ndoa na lini, mnakoishi, kazi zenu, watoto na tarehe zao za kuzaliwa, kama kuna kesi nyingine kati yenu, sababu za kuomba talaka, na mwisho unachokiomba.

Sababu za kisheria ni uzinzi, ukatili, upotovu uliokithiri, kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Wanaoachana kwa wema hutumia hii ya mwisho. Kwa ndoa ya kiserikali sheria inataja hali zinazoionyesha, na mojawapo ni wanandoa kuishi mbalimbali kwa angalau miaka miwili kabla ya ombi, kwa hiari yao au kwa amri ya korti. Kama mmekaa mbali kiasi hicho, mna sababu safi isiyohitaji kumchafua mtu.

Tazama tofauti. Hii ni aya ninayoiona mara kwa mara (mjibu ombi ni yule mwenzako anayeombewa talaka):

"Mimi na mjibu ombi tumechokana na tumekubaliana tuachane kwa amani."

Haina tarehe, haina tukio, haina sababu ya kisheria. Sasa hii:

"Mwombaji na mjibu ombi waliacha kuishi pamoja mwezi Februari 2022, mwombaji alipohamia Kisumu Ndogo, Malindi, na mjibu ombi akabaki Watamu. Tangu hapo kila mmoja ana nyumba yake, hawajarudi kuishi kama mke na mume, na juhudi za wazee wa familia zote mbili kuwapatanisha hazikufaulu. Ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika."

Ya pili hakimu anaweza kuiuliza maswali na kuiandikia hukumu. Imetaja lini, wapi, nani alihama na nini kilijaribiwa.

Kuna mstari mwingine unaowatia watu hofu, ule unaosema ombi halikuletwa kwa njama na mjibu ombi. "Lakini si tumekubaliana?" Kukubaliana kwamba ndoa imekwisha si njama. Njama ni kutunga uzinzi ambao haukutokea, au kurudisha nyuma tarehe ya kutengana ili miaka miwili itimie. Hayo yakiingia kwenye kiapo yanakuwa kosa la jinai, na Kanuni ya Adhabu inaweka hadi miaka saba jela. Ikiwa mmetengana kwa miezi michache tu, mwambieni wakili ukweli awatafutie sababu inayosimama.

Angalizo kwa ndoa ya kiserikali iliyo changa: sheria iliandika kwamba ombi lisiletwe kabla ya miaka mitatu tangu kufunga ndoa, na kifungu hicho kimepingwa mahakamani. Usijiamulie, uliza wakili kabla ya kulipia chochote.

Ombi huandamana na hati ya kiapo inayothibitisha yaliyomo, maelezo yako ya ushahidi, orodha ya mashahidi na orodha ya vielelezo: nakala ya cheti cha ndoa, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na makubaliano yenu. Mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili. Mawakili wengi huandika kwa Kiingereza. Kama hukisomi vizuri, dai usomewe kwa Kiswahili neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, maana utakayeulizwa ni wewe.

Kuapa

Hati ya kiapo hutiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo, kwa kawaida wakili aliyeidhinishwa kuapisha watu, ukiwa umesimama hapo na kitambulisho chako. Ile tabia ya kutia sahihi nyumbani na kumpa bodaboda apeleke igongwe muhuri inaweza kukuangushia kesi nzima ikigundulika. Kila kielelezo hupewa alama, kwa kawaida herufi za jina lako na nambari, nacho hugongwa muhuri wake, si kiapo peke yake. Hakikisha mahali na tarehe vimejazwa. Na kamishna huyo asiwe wakili wako kwenye kesi hiyo, sheria ya viapo inamkataza. Vuka barabara uende kwa mwingine.

Aliye Faza, Siyu au Kizingitini apige simu kwanza kujua kama kamishna yupo Lamu siku hiyo. Mashua inafuata maji, wakili anafuata ratiba zake, na viwili hivyo havijuani. Beba hati zote na nakala zake kwa safari moja.

Kusajili na kumfikishia mwenzako

Tangu Machi 2024 usajili wa kesi kwa mtandao ulifikishwa mahakama zote nchini. Unafungua akaunti, unapakia hati, mfumo unakupa ankara, unalipa kwa simu, na kesi inapata nambari. Anayeona taabu aende masjala ya mahakama aombe kuelekezwa. Usimpe mtu pesa taslimu za "kusukuma faili". Asiye na uwezo kabisa anaweza kuiomba mahakama imruhusu kufungua kesi bila ada.

Hiyo nambari ya kesi ndiyo kinga yako dhidi ya matapeli. Ukiletewa cheti cha talaka bila kuwahi kuitwa kortini, ipeleke nambari masjala waiangalie. Kuna walioolewa upya kwa karatasi ambazo hazikupita mahakama yoyote.

Mwenzako lazima apelekewe hati rasmi hata kama mnalala mitaa jirani na ameziona zote. Hupelekwa na mtu aliyeidhinishwa na mahakama, ambaye baadaye anaapa kwamba alimkabidhi. Mwenzako ana njia mbili: kuingiza hati ya kufika, yaani ya kuijulisha korti kwamba amepata habari za kesi, na kusema hapingi, au kunyamaza hadi muda uishe. Mhimize afanye la kwanza. Kimya humwachia hakimu swali kama kweli alipata habari.

Malindi ina wake na waume walio Italia, na wengine wengi wenzao wako Saudia, Qatar au Oman. Aliye nje hupelekewa kwa ruhusa ya mahakama. Kanuni za kesi za madai zilifanyiwa marekebisho mwaka 2020 zikaruhusu hati kutumwa kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu, kwa hiyo WhatsApp si ndoto, ila omba ruhusa kwanza na uhifadhi zile alama za kuonyesha ujumbe umefika. Kiapo chake anaweza kuapia ubalozi wa Kenya huko aliko.

Siku ya kusikizwa

Muda wa kujibu ukiisha, andika kuomba kesi ipangiwe tarehe kama isiyopingwa. Siku yenyewe ni fupi. Unaapishwa, unathibitisha maelezo yako ya maandishi, unaonyesha cheti cha asili, unajibu maswali machache: mlitengana lini, mlijaribu kupatana, watoto wako wapi. Jibu ulichoulizwa. Siku nyingine husikizwa kwa video, nafuu kubwa kwa aliye kisiwani au ughaibuni.

Hakimu akiridhika hutoa kwanza amri ya awali ya talaka. Amri hiyo haikuachi huru. Hukumu itataja muda wa kungoja, na ukipita ndipo unaomba amri kamili. Wengi huishia kwenye ya awali, wanaiweka kwenye bahasha, wanaendelea na maisha. Miaka baadaye mtu anataka kuoa, msajili anamwambia bado ana mke. Andika tarehe ya mwisho wa muda huo kwenye simu siku hiyo hiyo.

Kwa kadhi

Kwa Waislamu mlango ni mwingine, na mambo mengi huwa yameshatokea kabla ya kufika. Mume ameandika talaka kwenye kikaratasi, au ameituma kwa simu, na mke amerudi kwao Shella. Wote wawili wanakubali talaka imepita. Kinachokosekana ni uthibitisho: bila cheti cha kadhi, mwanamke huyo akitaka kuolewa, au mirathi ikigombaniwa kesho, ni neno lake dhidi ya neno la ndugu wa mume. Kinacholetwa hapo ni ombi la kuthibitisha talaka, likitaja kwa uwazi siku talaka ilipotoka, ni ya ngapi, mbele ya nani, na kikaratasi chenyewe au ujumbe wenyewe uambatanishwe.

Siku hiyo ina uzito. Eda, ule muda wa mke kungoja kabla ya kuolewa tena, huhesabiwa tangu talaka ilipotoka, haihesabiwi tangu kadhi alipogonga muhuri. Mwenye hedhi hukaa tohara tatu (vipindi vya usafi kati ya hedhi), asiyepata hedhi miezi mitatu, mjamzito hadi ajifungue. Katika talaka ya kwanza au ya pili mume anaweza kumrejea ndani ya eda. Mkiandika tarehe ya kubahatisha, mnafungua mlango wa ugomvi juu ya kama alimrejea kwa wakati au la.

Kama ni mke anayetaka kutoka na mume hana kinyongo, njia ni khului: mke hurudisha mahari, au sehemu yake, au kingine walichokubaliana, naye mume humwacha kwa badala hiyo. Baada ya khului mume hana haki ya kumrejea, wakitakana tena ni nikaha mpya. Andikeni kilichorudishwa ni nini hasa, na kama kimeshapokewa. "Amerudisha mahari" pasipo kutaja kitanda, dhahabu au pesa ni kesi nyingine inayosubiri zamu yake. Mume akikataa katakata, hapo imekuwa faskhi, yaani kumwomba kadhi aivunje ndoa, na hiyo si kesi isiyopingwa tena.

Tarajieni kadhi awarudishe kwanza kwa wasuluhishi, mmoja kutoka kila upande, kama ilivyo katika aya ya 35 ya Suratun Nisaa. Wengi huichukulia kama kucheleweshwa. Kwa mliokwisha kuamua, itumieni kuandika yaliyobaki: mahari ya deni, masurufu ya eda, mutaa wa kumliwaza mke, nguo na vyombo vyake, na malezi ya watoto. Wasuluhishi watie sahihi, karatasi iingie kwenye jalada.

Walioozeshwa zamani bila cheti wataombwa kwanza kuithibitisha ndoa. Mtafute walii (aliyemwozesha mke) kama yu hai, na mashahidi wawili wa nikaha. Lamu hili ni jambo la kawaida, usione haya.

Baada ya amri

Ombeni nakala zilizoidhinishwa zaidi ya moja, kwa sababu benki, uhamiaji na shule kila mmoja atataka yake na wengine hawarudishi. Hakikisha nakala imefika kwa Msajili wa Ndoa. Kwa ndoa za Kiislamu sheria inamtaka kadhi au mwingine aliyeidhinishwa aliyetoa amri ya talaka apeleke nakala huko, lakini fuatilia mwenyewe. Badilisha mrithi uliyemtaja kwenye pensheni, SACCO na bima, kwani talaka haimfuti jina. Aliyechukua jina la mumewe kwenye kitambulisho aende na amri kamili kulibadilisha. Na kama makubaliano yenu yalihusu kiwanja, uhamisho wa hati miliki ni shughuli ya ofisi ya ardhi yenye fomu zake, hausogei kwa sababu talaka imetoka.